Mko mia tatu kwenye grupu na hakuna kinachoamuliwa? Namna ya kuchagua pa kujadili na pa kuamua

"Katibu, nyinyi mwatumia nini?" Swali hili nimeshaulizwa na wazazi wa skuli, na akina mama wa mwani, na watu waliomaliza darasa moja Wete. Juzi kijana mmoja alinikamata ndani ya boti tukielekea Mkoani, akanionesha simu yake: ujumbe 412 haujasomwa, wote wa grupu moja, wote kuhusu kisima kimoja. "Tukihamia Telegram itakuwa afadhali?" Nikamwambia kama hamjui nani ana haki ya kupiga kura, hata mkihamia mwezini mtakwenda na ugomvi wenu. Hakulipenda jibu. Boti ilikuwa inayumba na mimi sikuwa na hali ya kueleza zaidi, kwa hiyo naeleza hapa.

Mimi ni katibu wa jumuiya ya watu wa kijiji kimoja wilaya ya Micheweni, Pemba. Nusu yetu wako kijijini. Waliobaki wametawanyika: Mjini Unguja, Tanga, Dar es Salaam, Muscat, wachache London. Sijasomea kompyuta. Haya ninayoyaandika nimeyajua kwa kuharibu.

Aibu yetu ya kwanza niisimulie, maana wengi mtajiona humo. Tulikuwa na fedha ya kutosha jambo moja tu: ama pampu ya kisima, ama mabati ya madrasa. Asubuhi moja saa tatu mwenyekiti akaandika kwenye grupu la WhatsApp: "Wanaotaka pampu waweke dole. Mwisho adhuhuri." Dole zikaanza kumiminika. Katikati yake mzee mmoja akatuma dua ya kuwaombea wagonjwa, na watu wakaiitikia kwa dole vilevile. Adhuhuri tukahesabu 61. Wapo waliosema dole lao lilikuwa la dua. Wapo walioweka wakimaanisha "nimeona". Na zilikuwa siku za bamvua, bahari inapokupwa sana: wanawake, ambao ndio wanaoteka maji, walikuwa baharini kwenye mwani. Walipopanda pwani saa saba wakakuta jambo limeshaamuliwa na limeshabishiwa. Pampu tuliinunua miezi mitano baadaye, kwa kikao cha chini ya mwembe.

## Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Daftari la wanachama. Jina, namba, anakoishi, na aina ya simu: janja, kitochi, ya kuazima, au hana. Safu hii ya simu ndiyo itakayokuamulia mambo mengi huko mbele.
- Kanuni ya kura, hata ya ukurasa mmoja. Nani anapiga kura, na akidi ni watu wangapi? Sote tunasema "wengi wape", lakini wengi ni nani: wengi wa waliopiga kura, au wengi wa wanachama wote? Mko 300, wamepiga kura 90, wamekubali 50. Mmeamua au hamjaamua? Kubalianeni sasa, kabla hamjapata cha kugombania.
- Watu watatu. Msimamizi wa mazungumzo, mhesabu kura, na mtu wa kuwafikia wasio na simu. Mhesabu kura asiwe mshika fedha. Simtuhumu mtu, ila maneno hupungua.
- Laini ya jumuiya. Makundi mengi yamefunguliwa kwa namba ya mtu binafsi. Akinuna, anaondoka na funguo. Laini husajiliwa kwa alama za vidole za mtu, kwa hiyo andikeni kwenye muhtasari kwamba laini hii, ingawa ina jina la fulani, ni mali ya jumuiya.
- Fedha kidogo ya bando kwa hao watatu. Kazi ya kujitolea isimle mtu mfukoni kila mwezi.

Kompyuta si lazima. Simu moja yenye chaji inatosha.

## Hatua ya 1: Andika mnachotaka kuamua, usianze na jina la programu

Chukua karatasi. Andika mambo yote mliyohitaji kuyaamua mwaka uliopita. Kisha mbele ya kila jambo weka alama: hili ni taarifa tu, hili ni gumzo, hili ni uamuzi mdogo, hili ni uamuzi mzito.

Taarifa ni kama msiba, kikao, boti imeahirishwa. Uamuzi mdogo ni siku ya kufanya usafi wa makaburi. Uamuzi mzito ni fedha, ardhi, viongozi, na kumfukuza mtu. Sisi tulipoandika yetu tuligundua kwamba kwa mwaka mzima mambo mazito yalikuwa manne. Manne tu! Na kwa ajili ya hayo manne tulikuwa tumepitia programu tatu na kupoteza urafiki kadhaa.

Kosa la kawaida: kijana mmoja wa mjini anaipenda programu fulani kwa sababu kazini kwao wanaitumia, basi jumuiya nzima inahamishwa. Baada ya wiki mbili yumo yeye na rafiki zake sita.

## Hatua ya 2: Hesabu simu, si watu

Rudi kwenye daftari. Wangapi wana simu janja yao wenyewe? Wangapi wanatumia ya mtoto anaporudi skuli? Wangapi wana kitochi? Wangapi hununua bando la siku, si la mwezi?

Chombo kichaguliwe kwa mwenye simu dhaifu kuliko wote, kisha wenye simu nzuri wamfuate. Wengi hufanya kinyume. Jiulize hivi: bibi anayetumia simu ya mjukuu, iliyojaa picha mpaka haina nafasi ya programu mpya, atashiriki vipi? Kama jibu ni "tutamwambia matokeo", basi humshirikishi.

Kwa wasio na simu janja weka mjumbe wa mkono: mtu anayeaminika kwa kila mtaa, mwenye karatasi ya majina. Anapita, anasoma swali kama lilivyoandikwa, bila kuongeza lake, anaandika jibu, mwenye kura anatia saini au dole gumba. Dole la wino halikanushiki. Karatasi inapigwa picha na kupelekwa kwa mhesabu kura. Wajumbe wetu wanne humaliza kijiji kwa jioni mbili.

Wenye kitochi mnaweza kuwapokea kwa SMS: "Jibu 1 pampu, 2 mabati, 3 sina upande." Mhesabu anaziandika kwa mkono. Ni kazi, lakini watu 40 si wengi hivyo.

## Hatua ya 3: Tenga baraza, kikao na ubao

Hapa ndipo tuliposhindwa mwanzo, na ndipo panapotengeneza kila kitu.

Nyumba zetu zina baraza nje. Pale watu hukaa, hunywa kahawa, hutaniana, husema la siasa na la mpira, mtu hupita akatupa neno akaondoka. Hakuna aliyewahi kuuza shamba la mikarafuu barazani kwa kutikisa kichwa. Kikao ni kingine: kina ajenda, kina mwenye kukiongoza, kina saa ya kufungwa. Na ubao wa matangazo msikitini ni wa tatu; hakuna anayeubishia pale pale.

Grupu moja la WhatsApp linalazimishwa kuwa vyote vitatu kwa pamoja. Ndiyo maana dole la dua likawa kura ya pampu.

Fanya hivi:

1. Ubao. Fungua grupu la matangazo ambalo wasimamizi pekee ndio wanaotuma. Kwenye WhatsApp ni mpangilio mdogo tu. Ujumbe usizidi mmoja kwa siku, ila kwa msiba.
2. Baraza. Acha grupu la zamani libaki la gumzo. Usilifunge. Watu wakikosa pa kutaniana watakuja kutaniana kwenye kikao.
3. Kikao. Fungua grupu jingine, au chombo kingine kabisa, linalofunguliwa kukiwa na hoja na kufungwa hoja ikiisha. Likifungwa, wasimamizi wanazuia kutuma mpaka hoja ijayo.

WhatsApp tangu Novemba 2022 ina sehemu ya jumuiya inayokusanya makundi kadhaa chini ya paa moja, pamoja na ubao wa matangazo wa wote. Inafaa kwa mpango huu. Ila elezeni watu kwanza: kwetu wazee walidhani wametolewa kwenye grupu, na simu zikapigwa usiku kucha.

## Hatua ya 4: Sasa chagua chombo

Umeshajua uamuzi, simu na vyumba. Nakupa ninavyovijua.

WhatsApp. Faida yake kubwa ni kwamba imo tayari kwenye simu. Grupu linabeba hadi watu 1,024, na sehemu ya kura inaruhusu chaguo hadi 12. Hiyo kura ni bora mara mia kuliko dole, lakini jua mambo mawili. Kwanza, si ya siri: yeyote kwenye grupu anaona nani kachagua nini. Kwa siku ya usafi haidhuru. Kwa kumchagua mshika fedha, ambapo wagombea ni ami yako na shemeji yako, inadhuru sana. Pili, mtu anaweza kubadilisha kura baada ya kupiga, kwa hiyo mhesabu apige picha ya skrini saa ileile ya kufunga. Na ukitengeneza kura ya jibu moja, zima ile ruhusa ya kuchagua majibu mengi. Sisi tulisahau, mzee mmoja akachagua yote matatu akasema yote ni mazuri, na kwa kweli yalikuwa mazuri.

Telegram. Grupu linabeba hadi watu 200,000, kwa hiyo ukubwa si hoja. Ina kura ya siri, na mwanachama mpya anaweza kusoma yaliyopita tangu mwanzo. Inagawa grupu kwa mada, kisima huku, madrasa kule, na ina kizuizi kinachomlazimisha mtu kungoja kabla ya kutuma tena, hadi saa nzima. Kwa grupu lenye waropokaji wanne, hicho peke yake ni dawa. Kasoro: si kila mtu anayo, na mazungumzo yake ya kawaida hayafungwi kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho kama ya WhatsApp, yaani ule unaofanya mtumaji na mpokeaji pekee ndio waweze kusoma. Halafu kura ya siri yenye linki ya wazi ni mlango usio na bawabu. Mtu anaweza kuleta binamu ishirini wakapiga kura wakaondoka. Tumia mwaliko wa kuidhinishwa, mmoja mmoja, ukilinganisha na daftari.

Signal. Inalinda faragha vizuri, na grupu linabeba watu 1,000. Kwa kamati ndogo inayozungumza mambo ya wagonjwa au migogoro ya ndoa, naipendekeza. Kwa kijiji kizima, hapana. Utatumia miezi kuwashawishi watu waipakue.

Mkutano wa video. Zoom ya bure inachukua watu 100 na kukatika dakika 40. Google Meet ya bure inachukua 100 pia, kwa saa moja mkutano ukiwa na watu watatu au zaidi. Simu ya kundi ya WhatsApp haizidi watu 32. Mimi nauona mkutano wa video ni mzuri kwa kusikiliza maelezo ya fundi au ripoti ya fedha, si kwa kuamua. Wenye bando dogo hutoka dakika ya kumi, na anayebaki mwisho ndiye anayeamua. Mkiutumia, zimeni kamera wote isipokuwa msemaji, na kura ifuate siku ya pili kwingineko.

Google Forms. Fomu ya maswali ambayo majibu yake yanajipanga yenyewe kwenye jedwali. Kwa uamuzi mzito wa siri ndiyo tunayoitumia. Tatizo ni kwamba ukitaka kila mtu ajibu mara moja tu, inamdai aingie kwa akaunti ya Google, na wengi nywila zao ziko kwa aliyewauzia simu. Suluhisho letu: katibu anakata vikaratasi vya tarakimu nne, vimekunjwa, na kila mwanachama anaokota kimoja bila katibu kujua kipi kimekwenda kwa nani; walio mbali wanaokotewa na mjumbe wa mtaa wao na kutumiwa. Fomu inauliza namba hiyo, si jina. Mhesabu ana orodha ya namba zilizotolewa. Namba isiyomo haihesabiwi, na iliyojirudia inahesabiwa ya mwanzo. Ukituma fomu, jaribu kwanza kwenye simu ya bei ndogo kabisa uliyoiona kijijini.

Loomio. Hii ilitengenezwa New Zealand mwaka 2012 khasa kwa makundi kufikia uamuzi. Hoja inawekwa, watu wanajadili chini yake, kisha kila mmoja anasema anakubali, hana upande, hakubali, au anazuia kabisa, na anaandika sababu. Hiyo sababu ndiyo tamu yake. Miaka miwili baadaye utajua kwa nini mliamua vile. Huduma yao inalipiwa, ingawa programu yenyewe ni huria na mwenye ujuzi anaweza kuisimika. Inategemea barua pepe. Kamati yetu ya watu kumi na wawili tuliijaribu ikatufaa. Kijiji kizima nisingethubutu.

Polis. Ifikirieni mkiwa wengi sana na maoni yamegongana. Kila mtu anaandika sentensi fupi, wengine wanasema ndiyo, hapana, au napita. Hakuna kujibizana hata kidogo. Mwisho inachora makundi ya mawazo na kuonesha kauli ambazo pande zote zinakubali. Taiwan waliitumia mwaka 2015 kujadili suala la teksi za Uber. Somo lake unaweza kulichukua hata bila programu: kwenye hoja moto, kusanya kauli, zuia majibizano.

Ukiniuliza mimi, jumuiya ya watu mia mbili mpaka mia tano kwa visiwani hapa ianze hivi: ubao na baraza kwenye WhatsApp, uamuzi mdogo kwa kura ya WhatsApp, uamuzi mzito kwa fomu yenye vikaratasi pamoja na wajumbe wa mkono. Usiongeze chombo cha nne mpaka watu wamevizoea hivi.

## Hatua ya 5: Weka saa na siku

Mjadala uwe na mwanzo na mwisho. Kwetu: siku tano za kujadili, siku moja ya kimya ambapo katibu anaandika muhtasari wa pande zote, siku mbili za kura. Jambo la dharura, kama kumsafirisha mgonjwa, lina kamati yake na halingoji.

Angalia kalenda ya watu wako. Siku za bamvua bahari hupwa sana kwenye saa nne na tano asubuhi, na wanawake wa mwani hawashiki simu mpaka mchana. Kura ifunguliwe maji mafu, bahari isipokupwa sana, au ifungwe usiku. Msimu wa kuchuma karafuu watu wanalala mashambani. Ramadhani, usitie hoja kati ya alasiri na futari. Hilo sina haja ya kulieleza.

Kosa la kawaida, tena kubwa: saa. Ukiandika "kura inafungwa saa 3", bibi wa Konde anasoma saa tatu ya usiku, mjukuu wake wa London anasoma saa tisa ya alasiri. Tulipoteza kura kadhaa za huko kabla hatujagundua. Andika hivi: "saa 3 usiku ya Zanzibar (21:00); Muscat saa 4 usiku; London saa 12 jioni." Na London wakati wao wa joto inakuwa saa 1 usiku, kwa hiyo angalia kila mara.

## Hatua ya 6: Andika swali

Swali bovu halitibiwi na chombo kizuri. Linganisha:

*Bovu:* "Mnakubali tununue pampu na tumpe fundi kazi ya kuifunga?"

*Zuri:* "Fedha iliyopo inatosha jambo moja. Tufanye lipi? (1) Pampu ya kisima. (2) Mabati ya madrasa. (3) Tungoje mpaka zitoshe vyote. (4) Sina upande."

Lile la kwanza ni maswali mawili. Anayetaka pampu lakini hamtaki fundi yule atajibu nini? Na kila mara weka "sina upande". Asiye na upande akinyimwa pa kusimama, haingii kabisa, na akidi yako inaanguka.

Soma swali kwa sauti mbele ya watu wawili wasiopatana. Wote wawili wakisema ni la haki, litume.

## Hatua ya 7: Jaribu kwa jambo lisilouma

Usianze na ardhi. Anza na jambo la mzaha kidogo. Sisi tulijaribu kwa kuuliza futari ya pamoja iwe na tambi au kaimati kwa tamu yake. Kura 143, wajumbe wa mkono walipita, vikaratasi vilitolewa, na mjadala ulikuwa mkali kuliko wa pampu. Humo ndimo tulimogundua kwamba fomu haifunguki kwenye simu za zamani, na kwamba mjumbe mmoja alikuwa akiwajazia watu bila kuwauliza kwa kuwa "nawajua". Afadhali limetokea kwenye kaimati.

## Hatua ya 8: Funga, hesabu, bandika

Saa ikifika, mhesabu anatangaza kufungwa. Anajumlisha simu, SMS na karatasi mbele ya mashahidi wawili, mmoja kutoka kila upande. Matokeo yanakwenda kwenye ubao wa WhatsApp kwa maandishi, si kwa sauti, yakiwa na tarakimu zote: waliostahili, waliopiga, kila chaguo, zilizoharibika. Yabanwe juu ya grupu kwa siku 30. Kisha yachapishwe yabandikwe msikitini na dukani. Ujumbe wa simu unapanda juu na kupotea. Karatasi ya dukani inasomwa na kila anayenunua sukari.

## Matatizo yanayorudi

"Watu wanatuma voisi za dakika saba." Wengi wetu husema vizuri kuliko kuandika, kwa hiyo usizipige marufuku. Weka mwisho wa dakika mbili, na msimamizi aandike chini yake sentensi mbili za yaliyosemwa.

"Mtu ana laini mbili, kapiga mara mbili." Kura ni ya jina la daftarini, si ya namba ya simu. Ndiyo faida ya vikaratasi.

"Msimamizi kapoteza simu." Wawe watatu, angalau mmoja nje ya kijiji. Kwenye WhatsApp msimamizi pekee akijitoa, programu humteua mtu mwingine yeyote wa grupu. Akipoteza simu bila kujitoa, hakuna anayeteuliwa, na mnabaki mkiangaliana.

"Mshika fedha anaomba fedha kwenye grupu, na lugha si yake." Mpigieni simu ya kawaida kabla ya kutuma hata senti. Huenda akaunti imetekwa. Kila msimamizi awashe uthibitisho wa hatua mbili, na zile tarakimu sita zinazokuja kwa SMS asimpe mtu, hata akijiita nani.

"Siasa zimeingia." Zirudishwe barazani, na kama zimechafuka, msimamizi afute. Kumbusheni pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa taarifa za uongo, na grupu la kijiji halimfichi mtu.

"Mtandao umekatika siku ya kura." Hutokea. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Na wenye umri wanakumbuka Unguja ilivyokaa gizani tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Andikeni kwenye kanuni: mtandao au umeme ukikosekana zaidi ya saa sita ndani ya muda wa kura, muda unaongezwa siku moja. Wajumbe wa mkono wanaendelea kama kawaida.

"Akidi haitimii." Angalieni kwanza kama daftari lina marehemu na waliohama. Letu lilikuwa nao 27. Kisha msitume ujumbe mwingine wa kuhimiza, pigeni simu. Siku ya mwisho ya kura huwa nakaa na daftari, napiga kwa wale ambao majina yao hayana alama. Mara ya mwisho nilipiga simu 38. Thelathini walikuwa hawajui kama kura inaendelea, watano walikuwa na hasira na mtu, wawili hawakupokea, na bibi mmoja akaniambia ameshapiga, kwa mjumbe wa mkono, tangu juzi, na kwamba niangalie vizuri karatasi zangu. Nikaangalia. Ilikuwa imenasa nyuma ya nyingine.